Tiketi Mbili za Kwenda Reunion

Kisumu,
9 Machi 1986

Kwa Baba Mkubwa Obiero,

Pokea salamu kutoka nyumbani Awasi. Hatujambo, ila pengo aliloliacha Baba bado ni bichi. Mama anajitahidi, magoti tu ndiyo yanamsumbua akitoka shambani. Mdogo wangu Dishon anaendesha trekta ya miwa Muhoroni na huja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mimi ni mzima.

Rejea barua yako ya rambirambi ya tarehe 14 Januari, iliyonifikia tarehe 3 mwezi huu. Nilikuwa sijui kama u hai. Nyumbani jina lako hutajwa mara moja kwa mwaka, siku Mama anapokikandika upya kile kijumba chako cha matope. Nikiwa mdogo nilimwuliza kwa nini tunatunza nyumba isiyo na mtu. Alinijibu, "Ina mtu. Yuko safarini." Sikuuliza tena. Siku ya mazishi wazee walitaka ndugu mkubwa wa marehemu aseme neno, na watu wote wakatazama chini. Nilisema mimi, kwa kuwa ndimi kifungua mimba wake. Nilisema vibaya.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Mama anasoma Kijaluo tu, na bado sijamwambia kwamba umeandika. Samahani kwa hilo.

Uliuliza ninafanya kazi gani. Nilimaliza kidato cha sita na sasa ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa mjini. Nafungua barua zinazoingia, nazipiga muhuri, naziandika kwenye daftari, kisha naziweka kwenye faili kabla hazijaenda kwa wakubwa. Karani mkuu alitufundisha kwamba barua isiyo na nakala ni barua ambayo haikuandikwa, kwa hiyo hata chini ya hii kuna karatasi ya kaboni. Usione ni dharau.

Ile picha ya nyumba nyeupe, ninyi wawili mkiwa barazani, nimemwonyesha rafiki yangu Ndung'u. Ni fundi saa, kibanda chake kiko karibu na ofisi yetu. Ndung'u alisema huyo mwenzako anaonekana mtu wa kucheka. Jumapili huwa tunatembea mpaka Dunga, ufukoni mwa ziwa, kula samaki, ingawa Ndung'u ni mtu wa Murang'a na humla samaki kama anayeng'oa misumari ubaoni. Tukimaliza, Ndung'u hutazama visiwa na kuuliza ni nani anaishi kule. Nikimwambia ni wavuvi, huwa haamini. Saa ninayovaa ni ya Baba, ilikuwa imekufa na Ndung'u ndiye aliyeifufua.

Nimeandika mengi. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi mwanao,
Zadock Amolo


Saint-Pierre, Reunion,
27 Aprili 1986

Mwanangu Zadock,

Salamu kwako, kwa Dishon, na kwa mama yako Beldina siku utakayoona inafaa kumpa. Sisi huku tunaendelea. Mvua kubwa imepita na kuchukua mabati matatu ya jikoni.

Barua yako niliisoma nimesimama. Sikujua kwamba kile kijumba bado kipo. Hilo nimeliweka pembeni, nitalifikia nikiweza.

Kisiwa hiki ni cha Wafaransa. Katikati kuna mlima wa moto, na miteremkoni kuna miwa, hivi kwamba ukifumba jicho moja utadhani uko Muhoroni, hata harufu ya kiwanda ni ile ile. Nilifika hapa na meli nikiwa mpishi, nikabaki. Huyo uliyemwona barazani anaitwa Aristide. Tumeishi pamoja miaka kumi na saba.

Tuna nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Wageni wetu huja wawili wawili, mara nyingi mwanamume na mwanamume, au mwanamke na mwanamke. Huko Paris kinauzwa kijitabu chenye orodha ya nyumba ambazo mgeni haulizwi mwenzake ni nani, na sisi tumo. Basi wanavuka bahari yote hiyo, wanafika mezani kwetu na uongo uliokwisha kutayarishwa: huyu ni binamu yangu, huyu ni mwenzangu wa kazini. Aristide humpa mgeni ufunguo mmoja kabla hajaumaliza. Zadock, nimeiona hiyo sura mara mia na sijaichoka. Mtu hushika ufunguo na kunyamaza kama aliyetuliwa gunia mabegani.

Usidhani ni peponi. Padri hapiti kwetu na majirani wana midomo. Lakini mleta mkate huleta mkate.

Sasa chukua nakala ya barua yako, kwa kuwa unazo, uhesabu umemtaja Ndung'u mara ngapi. Kisha hesabu umemtaja mama yako mara ngapi.

Njoo upumzike hapa mwezi mmoja. Ukitaka kuja na mtu, njoo naye. Hakuna atakayekuuliza.

Baba yako mkubwa,
Obiero


Kisumu,
15 Juni 1986

Baba Mkubwa,

Salamu. Mama hajambo, kidogo. Mto umefurika Kano na tumepoteza mahindi ya upande wa chini.

Naomba kwa heshima usiniandikie tena namna ile. Hujui hali ya huku mwaka huu. Kuna mwalimu aliyechukuliwa darasani kwa sababu ya karatasi iliyokutwa mezani kwake. Mimi mwenyewe nimeona, kwenye meza isiyo yangu, bahasha za ng'ambo zenye majina ya watu binafsi, zimechanwa kwa wembe na kugundishwa tena. Barua yako ilinifikia ikiwa imejikunja pembeni. Labda ni unyevu tu. Nililala siku tatu nikisikiliza hatua za watu nje.

Ndung'u ni rafiki. Ni jirani wa kazini. Sina la kuongeza.

Jambo la nyumbani ni hili. Dishon amempa msichana mimba. Anaitwa Apiyo, ni wa watu wa Sondu, msichana mwenye adabu. Dishon anataka kumleta nyumbani na kujenga, lakini unajua mila yetu: mdogo hamruki mkubwa. Maadamu mimi sijaoa wala sijasimamisha nyumba, yeye hawezi. Akifanya hivyo na mtoto akaugua hata mafua, watu watasema ni kwa sababu aliniruka. Kwa hiyo wote wananingoja. Mama amekwisha kunitafutia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anaitwa Dorca. Nimeonana naye mara mbili. Ni mtu mzuri, anapenda kusoma, hakunikosea chochote.

Ninakuuliza kwa sababu wewe ulikuwa mkubwa wa Baba. Mwaka 1955 uliondoka bila kuoa, naye akakaa miaka minne bila kujenga. Hayo nimeyasikia kwa Mama. Kwa nini uliondoka? Na Baba alisemaje?

Mwanao,
Zadock


Saint-Pierre,
30 Agosti 1986

Mwanangu,

Poleni kwa mahindi. Nimefurahi kusikia habari ya Apiyo, mtoto ni mtoto.

Ulichouliza kuhusu mwaka 1955 sitakijibu. Uliza kingine.

Ndani ya jalada la kalenda niliyoituma pamoja na barua hii utakuta hati mbili za tiketi za ndege, Nairobi mpaka hapa, kwenda na kurudi. Majina yatajazwa Nairobi. Zinatumika hadi tarehe 30 Septemba mwaka ujao. Nimeweka mbili. Hiyo ya pili umpe umtakaye, hata Dorca kama ni Dorca.

Ila usimwoe msichana wa watu ili mdogo wako apate pa kuweka nguzo. Huyo Dorca naye ana maisha yake. Utamlaza kitandani pamoja na mtu asiyekuwepo, naye atajilaumu hadi azeeke. Nimewaona wanawake hao. Waume zao huja hapa.

Obiero


Kisumu,
18 Januari 1987

Baba Mkubwa mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Nisamehe ukimya wa miezi minne. Nimeandika barua tatu na kuzichana, pamoja na nakala zake. Mama anakohoa lakini si sana. Apiyo amejifungua mtoto wa kiume kwao. Dishon amemwona mara moja, kupitia dirishani, kwa sababu wazee wa Apiyo wamekataa asiingie mpaka afuate utaratibu.

Kalenda ilifika salama.

Nilimwonyesha Ndung'u. Alizigeuza zile hati kama anavyogeuza saa asiyoijua, akauliza, "Ya pili ni ya nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi mimi najua," akaitia mfukoni. Mwezi ule ule alikwenda kwao Murang'a akamwambia chifu wao kwamba anakwenda kujifunza saa za Wazungu, na pasipoti amekwisha kuipata. Mimi bado. Kwa mtumishi kama mimi inatakiwa barua ya mkuu wa kazi, na barua ya chifu, na mdhamini. Jumapili iliyopita tukiwa Dunga aliniuliza:

"Umeandika ile barua ya kuomba ruhusa?"

"Naitengeneza."

"Unaitengeneza tangu Oktoba. Wewe ungekuwa Nuhu, Zadock, watu na wanyama wangekufa maji ukingoja muhuri."

"Muhuri ni lazima."

"Haya, bwana karani. Nitakwenda mimi, nikuletee mchanga kwenye chupa ya dawa."

Nilicheka hadi mwiba ukanikwama. Ndung'u aliniambia nimeze tonge kavu la ugali, na yeye ndiye asiyejua samaki. Watu wa meza ya pili walitutazama. Mara moja nilianza kuzungumza habari za bei ya saa, kwa sauti. Njia nzima ya kurudi hakusema neno mpaka tulipofika kwenye reli. Hapo akasema, "Sijui huko kisiwani utazungumza habari gani, maana saa zote umezimaliza."

Nimeamua. Nitaomba likizo ya mwezi wa tano. Barua ya ruhusa nimeiandika leo asubuhi na nimeipenda. Ile picha yenu barazani huwa naitoa na kuitazama. Naomba uniambie jambo moja dogo: je, mtu akiketi pale barazani, wapita njia wanamwona?

Usiwe na wasiwasi juu ya barua zako. Zote, pamoja na nakala za zangu, zimo kwenye faili, na faili limo ndani ya sanduku la bati lenye kufuli.

Mwanao mwenye matumaini,
Zadock


Saint-Pierre,
22 Februari 1987

Zadock,

Tumefurahi. Aristide amepaka rangi chumba cha nne, ambacho dirisha lake linatazama bahari, na anawajibu wageni kwamba mwezi wa tano kimejaa. Ndiyo, wapita njia wanakuona ukiwa barazani. Wanakwambia habari za jioni.

Lichome hilo faili. Lichome leo, kabla hujala. Mtu mwenye siri haitunzii sanduku.

Obiero


Kisumu,
3 Mei 1987

Baba Mkubwa,

Salamu. Mama hajambo.

Rejea barua yako ya tarehe 22 Februari. Nasikitika kukujulisha kwamba sitaweza kusafiri. Maombi yangu ya pasipoti nimeyaondoa.

Ni haki yako kujua sababu. Mwanzoni mwa mwezi wa nne Dishon alikuja ofisini kwangu kutoka Muhoroni. Alihitaji cheti cha kifo cha Baba kwa ajili ya miwa iliyokuwa imesajiliwa kwa jina lake. Karatasi zote za nyumbani ninazitunza mimi. Nilikuwa na barua nyingi mezani, sikuweza kutoka, nikampa funguo za chumba changu Kaloleni na za sanduku. Nilimwambia, "Mafaili yamepangwa kwa herufi, utaona limeandikwa BABA." Aliona BABA. Nyuma yake aliona BABA MKUBWA.

Ningeweza kuliandika jina lolote, Mbegu au Kanisa. Lakini faili huitwa jina la kilichomo. Sikufikiri.

Nilipotoka kazini saa kumi na moja nilimkuta ameketi kwenye kiti changu, barua zimepangwa juu ya kitanda kwa tarehe, kama nilivyokuwa nimezipanga mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia. "Nisaidie. Hiki Kiswahili nimekielewa vizuri, ama kuna neno limenipita?"

Nilifunga mlango nyuma yangu.

"Nilidhani unaringa. Nilidhani wasichana wetu hawakutoshi kwa sababu ya kidato cha sita. Hata nilikutetea kwa watu."

"Dishon, ndugu yangu."

"Mimi ndugu yako nimemwona mtoto wangu kupitia dirisha kama mwizi. Miezi minne. Umesimama mlangoni, Zadock. Huingii, hutoki, na mimi siwezi kupita."

Hakupaza sauti. Ningependa kukuambia kwamba alinipiga, maana ningejua la kufanya. Alikunja ile barua yako ya kwanza akaitia mfukoni mwa shati.

"Utamwoa Dorca mwezi wa nane," akasema. "Ama nitakaa chini na Mama nimsomee hii kwa Kijaluo, mstari kwa mstari, nikimwelezea palipo pagumu. Ukishaoa, nenda kisiwani kwako, nenda kokote, mimi sitauliza. Na yule fundi wako aondoke Kisumu. Sitaki kusikia watu wa sokoni wakitaja jina la baba yangu na lake pamoja."

Ndung'u amekwisha kuhama Kisumu. Kibanda chake kilikuwa na matatizo ya leseni. Sijui aliko.

Mweleze Aristide kwamba chumba anaweza kukitoa kwa wengine.

Wako,
Z. Amolo


Saint-Pierre,
12 Julai 1987

Zadock,

Huku wazima. Mabati ya jikoni yamerudishwa.

Unasema hujui Ndung'u aliko. Yuko hapa, amelala chumba cha nne. Alifika tarehe 20 Juni na begi moja na kile kisanduku cha vifaa vyake vya saa. Aristide alimpa ufunguo. Alikuwa peke yake, lakini na yeye alikuwa ametayarisha uongo: alisema mwenzake anakuja na ndege ya nyuma. Tulimwacha nao siku mbili.

Siku ya tatu alinieleza habari ya ile leseni. Kwamba iliandikwa barua ya kumshtaki, bila jina, ikisema katika kibanda chake yanafanyika mambo ya aibu na vijana wa ofisini wanaharibiwa. Kwamba alipewa siku saba. Alipokwenda kwa ofisa wa leseni, huko ofisini kwenu, kujitetea, yule ofisa aliigeuza barua mezani ili amwonyeshe, na pembeni, juu ya muhuri wa kupokelewa, akaona tarehe 14 Aprili na herufi mbili, Z.A. Aliniambia, "Mzee, naijua hiyo Z. Ina kamkia. Huiandika kwenye karatasi za chapati."

Halafu akasema, "Ingeanguka nyuma ya kabati tu. Barua ngapi huanguka?"

Barua yako kwangu ina kurasa mbili, umenieleza mpaka saa uliyotoka kazini, na hilo hukuliandika.

Sasa nitakujibu ulichoniuliza mwaka jana, ingawa nilikuwa nimeapa nitazikwa nacho.

Mwaka 1955 mtu aliyenikuta alikuwa baba yako. Alitukuta kwenye ghala la pamba, mimi na kijana mmoja wa Sondu ambaye amekwisha kufa. Amolo alikuwa na miaka kumi na tisa. Alifunga mlango akakaa nje, akimwambia kila aliyepita kwamba ndani kuna nyoka, mpaka tulipotoka. Siku ya pili watu walikwisha kunong'ona, si kwa mdomo wake. Alinisindikiza hadi stesheni akanivika koti lake. Nilimwambia, "Jenga, Amolo, usiningoje, mimi sirudi." Kila mwaka nilimwandikia hivyo kutoka Mombasa: jenga. Alinijibu kila mara kwamba hataniruka. Miaka minne alikuwa na mchumba na hana nyumba, watu wakimcheka, mpaka wazee walipochoka wakasimamisha kile kijumba kwa jina langu ndipo akakubali kusimamisha chake. Hakuwahi kumwambia mtu kwa nini anangoja. Hata mama yako hajui kile anachokikandika ni nini.

Sikutaka kukueleza kwa sababu niliogopa utaona ni deni. Halikuwa deni. Alipenda tu.

Tiketi yako bado ni halali hadi tarehe 30 Septemba. Sikwambii uje. Wala sijamwuliza Ndung'u kama anataka uje. Ameniomba nisimwulize.

Obiero


Kisumu,
4 Oktoba 1987

Baba Mkubwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama amepona kikohozi. Mtoto wa Dishon ameanza kusimama kwa kushika vitu.

Harusi ilifanyika Jumamosi ya tarehe 22 Agosti. Dorca anafundisha sasa hapa mjini, na tumepata vyumba viwili. Ni mpole. Huniuliza kama chakula kina kasoro, kwa sababu nakula kidogo. Nyumba yangu ya Awasi ilisimamishwa kwa siku mbili, na ya Dishon wiki iliyofuata. Apiyo amekwisha kuja. Dishon alinirudishia ile barua yako siku ya harusi, mbele ya watu, ndani ya bahasha ya pongezi. Alinikumbatia. Nadhani alikuwa na furaha ya kweli.

Nilimwambia Mama kwamba upo, kwamba una nyumba huko na huna nia ya kurudi. Aliuliza kama nyumba yenyewe ni ya kudumu. Nikasema ina vyumba sita. Mwaka huu hakukikandika kijumba. Mvua za Septemba ziliangusha ukuta wa nyuma, na Dishon amechukua nguzo zilizokuwa bado nzima, amejengea jiko la Apiyo. Aliniuliza kwanza. Nilisema sawa.

Tiketi iko mbele yangu. Ilikwisha Jumatano. Siku hiyo nilikuwa kazini, niliingiza barua thelathini na nane.

Kuhusu tarehe 14 Aprili. Nimekuwa nikijieleza hivi: kwamba mazoea yetu ni kuiandika barua kwenye daftari kabla ya kuisoma, na kwamba nilipoujua mwandiko wa Dishon ilikuwa imekwisha kupewa namba, na namba haiwezi kuruka bila karani mkuu kuuliza. Kabati liko nyuma ya kiti changu. Barua ilikaa mkononi mwangu tangu saa mbili hadi saa sita. Nilikwenda nayo hadi kwenye kabati mara mbili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimetayarisha kukuandikia, na yangekubalika. Lakini sivyo ilivyokuwa. Daftari lilikuwa limefungwa. Niliisoma kwanza, yote, nikaona kwamba jina la Ndung'u limo na langu halimo. Ndipo nikafungua daftari, nikaipa namba.

Kama atakubali jina langu litajwe, mwambie hivyo. Kama hatakubali, usimwambie. Saa ya Baba imesimama tangu Juni. Mjini kuna mafundi wengine wawili, sijampa yeyote aifungue.

Usinijibu kwa anwani hii, Dorca ndiye anayefuata barua posta siku hizi.

Chini ya karatasi hii sikuweka kaboni.

Zadock